Mama Eliasi Naye Kanyoosha Mkono

Lushoto, Jumamosi, mwezi wa sita. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vimekufa ganzi, ndiyo maana mwandiko wangu leo ni wa mtoto wa darasa la pili.

Leo nimefanya jambo la aibu. Sijui nianzie wapi, basi nianze tu.

Shajara, unajua nilivyohangaika na maombi haya ya kusomea shahada ya pili ya saikolojia, upande wa ushauri nasaha. Nimeomba Dar es Salaam, nimeomba na ng'ambo. Vyeti ninavyo. Mkuu wa shule amenisifu mpaka nikajishangaa mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa barua ya Chama, na tawi letu halimpi mtu barua ya kwenda kusoma mpaka watu wa nyumba kumi zake waseme kwamba wanamjua na wanamkubali. Kwa hiyo leo mjumbe wetu, Mzee Kaniki, aliitisha kikao uwanjani kwake, nami nikasimama mbele ya majirani zangu nijieleze.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya kujitegemea, ya kujenga taifa, ya vijana wetu wanaohitaji malezi. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Ndipo akasimama Baba Samweli, mdogo wake marehemu Baba Eliasi, mtu wa kabichi na wa maneno machache.

"Mwalimu, hiyo kazi ya kusikiliza watu nayo ni kazi? Jembe lake liko wapi? Kwani sisi hapa hatusikilizani?"

Watu wakacheka. Hakukuwa na ubaya ndani ya kicheko kile, sasa naona. Lakini mimi kilinichoma. Nikataka kumwonyesha.

Nikasema nitatoa mfano, na kwamba sitataja jina, kwa sababu kazi yetu ni kutunza siri za watu. Nilisema hivyo hasa, kwa sauti ya darasani. Kisha nikawasimulia habari za mjane mmoja aliyenijia akiwa amefadhaika. Kila mtu alikuwa akimpa pole kwa kukosa usingizi, kumbe yeye tangu wamzike mumewe analala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, kwa sababu hakuna tena wa kumwogopa humo ndani. Alidhani ni dhambi. Nikaeleza nilivyomsikiliza bila kumhukumu, mpaka akalia, mpaka akapata nafuu.

Nilieleza vizuri. Mungu anisamehe, nilieleza vizuri sana.

Katika nyumba zetu kumi kuna mjane mmoja tu.

Sikuliona hilo mpaka nilipomaliza na hakuna aliyecheka wala kukohoa. Macho yote yalikuwa yamekwenda kwenye mkeka wa akina mama, na hapo alikuwa ameketi Mama Eliasi na ungo wa maharage mapajani. Mikono yake ilikuwa imesimama. Baba Samweli alimtazama shemeji yake, akanitazama mimi, akakaa chini polepole na hakuuliza tena kama kusikiliza ni kazi.

Mzee Kaniki, maskini, akaharakisha. Wanaokubali Mwalimu aende kusoma wanyooshe mikono. Mikono ikapanda mmoja mmoja, ya watu wanaotaka kwenda zao. Mama Eliasi naye alinyoosha. Alinyoosha vizuri, mkono umenyooka, akaushusha wa mwisho.

Nimepita bila kupingwa.

Nimekaa nikijiuliza kwa nini sikuona. Nimekulia Mnazi, kule bondeni, lakini nimeishi hapa miaka ya kutosha kujua kwamba huku hata kikohozi cha mtu kinajulikana ni cha nani. Nilikuwa najua. Nilichotaka saa ile ni kumshinda Baba Samweli mbele ya watu, na nikachukua kilichokuwa karibu na mkono wangu. Kilikuwa cha mwenzangu.

Jioni nikaenda kwake. Nilimkuta bandani anakamua. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Siku zote huongeza "mwanangu". Leo hakuongeza.

Nikasema, "Mama, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Akaendelea kukamua. Kila jioni mke wa Baba Samweli huleta kopo lake kuchukua maziwa ya watoto. Ni utaratibu wao tangu marehemu yuko hai.

"Kopo la kwa Baba Samweli halijaja," akasema, bila kugeuka.

Nikasema ningependa kwenda kuzungumza nao.

"Ukawaambie nini tena?"

Alipomaliza alisimama, akafunika ndoo, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Mimi nimenyoosha mkono ili uende, Mwalimu. Uende mbali."

Akaingia ndani na kurudisha mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Nimejaribu kutafuta njia. Nikienda kwa Baba Samweli kuomba radhi, nitakuwa nimethibitisha. Nikisema nilikuwa namzungumzia mjane wa kwetu Mnazi, nitakuwa nimeongeza uongo, na hakuna atakayeuamini. Nikikaa kimya, ni yeye atakayeishi na kimya hicho, yeye na ng'ombe wake, huku mimi nikiwa kwenye basi la Mombo. Mtu anayejiita mshauri, na hakuna neno hata moja ninaloweza kusema lisilomuumiza.

Ningekuwa mtu mwema ningemwambia Mzee Kaniki kwamba nimeacha. Ningebaki hapa, nimsalimie kila siku hata asiponiitikia vizuri, mpaka kipite kinachopita.

Barua itakuwa tayari tawini Jumatatu. Tangu nilipotoka kwake nimejilazimisha kuwa mtu ambaye hataifuata, na sijaweza.

Nitaifuata. Nitawahi mapema, kabla akina mama hawajashuka sokoni.