Sajini Okemwa Atanilipa

Jumatatu, 4 Juni 1951
Gwaride alfajiri, kulinda mahabusu mchana, doria sokoni jioni. Zamu juu ya zamu. Leo nimemfokea mama muuza ndizi mpaka akaacha kikapu akakimbia. Hakuwa amenikosea chochote. Hakuna wa kumwambia. Askari akisema amechoka anachekwa.

Jumatano, 6 Juni
Dada yangu Bosibori amekuja langoni. Ametembea kutoka kwetu Nyamira. Mama hali chakula, hanyanyuki, anataja jina langu tu. Nilikwenda kwa Sajini Okemwa, nikasimama wima, nikaomba ruhusa nikamwone.

"Makori, wewe ni daktari?"

"Hapana, afande."

"Basi utamfanyia nini? Rudi kwenye zamu."

Wenzangu walisikia. Bosibori pia. Amerudi peke yake.

Jumamosi, 9 Juni
Mama amekufa. Wamemzika jana. Nimeambiwa na mtu wa kwetu aliyeleta kuku sokoni, nikiwa nimeshika bunduki nje ya mahakama. Sikulia. Nilimtazama Okemwa akivuka barabara, kirungu kwapani. Atalipa.

Alhamisi, 14 Juni
Silali. Chakula kama mchanga. Kwenye gwaride naitazama shingo yake.

Nimewaza bunduki. Nimeiacha. Mimi nitanyongwa, yeye atazikwa kwa heshima na tarumbeta. Nataka aishi. Nataka tepe zake tatu za usajini. Anazipiga pasi mwenyewe, hamwachii hata mkewe.

Sote tunajua anakunywa. Pombe ya busaa tunayokamata kule Keumbu huwekwa stoo ya kituo kama ushahidi, naye huingia humo mchana na kufunga mlango. Gari la Inspekta, Mzungu mkuu wa kituo, likionekana, askari wa langoni hupiga buti chini kwa nguvu. Okemwa husikia, hutoka akijipangusa mdomo. Tumemlinda hivyo muda mrefu.

Jumatatu, 18 Juni
Nimelipiza.

Zamu ya lango ilikuwa yangu. Okemwa aliingia stoo. Gari la Inspekta likapanda kilima mapema kuliko kawaida. Nikafungua lango taratibu. Sikupiga buti. Nikapiga saluti tu.

"Sajini iko wapi?"

"Stoo, Bwana."

Alimkuta chini amekumbatia mtungi, kofia imelowa pombe. Nilikuwa nimemfuata nyuma, niliona yote. Nilikaribia kucheka. Sijawahi kuonja kitu kitamu hivyo.

Jumatatu, 25 Juni
Wamemvua tepe mbele ya gwaride zima. Inspekta alizikata kwa kisu. Nilijipanga mstari wa mbele makusudi.

Jioni tukapangiwa doria pamoja, konstebo na konstebo. Tulipofika mwisho wa soko akanigeukia.

"Hukupiga buti, Makori."

"Hukuniacha nikamwone mama."

Akagusa mkono wa koti, pale tepe zilipokuwa. "Mwaka jana binti yangu aliugua. Nikaomba ruhusa. Nikaulizwa kama mimi ni daktari. Walimzika bila mimi. Ndipo nikaanza kuingia stoo."

Nilisubiri huruma ije. Haikuja. Iliyokuja ni hasira zaidi. Kumbe alijua jinsi inavyouma, na bado akanifanyia mimi.

Tulimaliza doria, yeye upande ule wa barabara, mimi upande huu.

Jumapili, 1 Julai
Sajini mpya amenipa siku chache za ruhusa. Niko nyumbani. Udongo wa kaburi bado mwekundu, mvua imeubomoa upande mmoja. Nimeurudishia kwa jembe.

Bosibori hakuuliza habari za Okemwa. Nami sikumwambia. Amenipa uji wa wimbi. Nilipomaliza nikalala papo hapo kwenye mkeka, mchana kweupe, na nguo zangu zote.

Nilipoamka alikuwa ameketi mlangoni, anafukuza kuku wasinipigie kelele.