Mpera Uliorudi kwa Simu

Nyumba ya Pembeni,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumapili, 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo na baridi ya huko? Kile kikohozi kimekuachia? Na wanangu wawili, bado wanagombana na soksi? Sisi huku wazima. Goti la mama limetulia, siku hizi anakwenda dukani peke yake na hataki kushikwa mkono.

Sasa nikueleze kwa nini juzi nilikuhimiza unirudishie zile video zote upesi, halafu nikanyamaza kimya. Kusema kweli nilikuwa na aibu.

Unajua binti yangu Chiriku kazama kwenye sanaa ya video. Alichukua ile uliyorekodi ya mpera wako kabla hujaondoka, wakati upepo haujauangusha, akawa anainakili. Nakala anaitolea nakala, na hiyo nayo nakala, na kila mara kompyuta inapoteza kidogo. Majani yanageuka vimraba, kijani kinachuruzika na kuwa zambarau, ndege anaruka na yuko palepale. Miezi mitatu anauharibu mti kwa makusudi, eti tuone kinachobaki. Ndizo hizo nilizokuwa nikikurekodia kwa simu nikiwa nyuma yake, ili ujionee mtoto niliyemzaa.

Wiki ya maonyesho yake akaniachia flashi nimtunzie. Kompyuta ya kuazima alikuwa amesharudisha, kwa hiyo kazi yote ilikuwa humo. Mimi na kiherehere changu nikaifungua. Nilipouona mpera wetu umekatikakatika kupita hata nilivyokuwa nikiurekodi, roho iliniuma, nikajua safari hii ni virusi. Nikaikimbiza kwa fundi wa simu wa mtaani.

"Mama, hali ilikuwa mbaya," akaniambia, "lakini ya mwanzo nimeipata, safi kabisa. Zile mbovu nimefuta zote."

Nikamshukuru mpaka akaona haya.

Chiriku, ambaye huongea hata akipiga mswaki, alipokuta kazi yake imefutwa alikwenda kulala bila kula. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa kushoto mahali pa kulia, machozi yananitoka. Kwenye simu yangu zile video hazikuwepo, maana simu yenyewe hujaa, kila nikikutumia nafuta.

Mama ndiye aliyetuokoa. "Si mlimtumia mwenzenu?" akasema kutoka chumbani. "Huyo hata maboksi ya viatu hatupi."

Basi, mdogo wangu, kilichoonyeshwa ukutani ni mpera ulioharibiwa na kompyuta, ukaharibiwa na simu yangu, ukamalizwa na mtandao. Dole gumba langu liko pembeni, na sauti yangu inasikika ukumbi mzima: "Huyu mtoto ataumaliza mti wa mwenzake." Watu walicheka. Mwalimu mmoja aliitazama mara tatu akijifuta macho. Wenye ukumbi wameomba ibaki mwezi mzima. Fundi wa simu naye alikuja, shati limenyooshwa, akiwaambia watu kwamba bila yeye kazi hii isingekuwepo. Hakudanganya.

Chini ya picha Chiriku ameandika majina matatu: lake, langu, na lako wewe, mtunzaji. Nilifurahi hadi nikasahau mkoba wangu kule.

Shemeji yako anakusalimu, mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Wabusu wanangu. Mungu akulinde, na akulainishie moyo wa huyo bosi wako akupe likizo.

Maana kuna jambo la mwisho. Kisiki cha mpera wako kimetoa machipukizi mawili, yananifika gotini. Nilinyanyua simu nikurekodie, Chiriku akanishusha mkono.

"Haya mwache mama mdogo aje ayaone mwenyewe."

Nimeirudisha simu mfukoni. Tunamwagilia kila asubuhi, tunakungoja.

Dada yako akupendaye, mwenye dole gumba