Jina la Nana

Baba yangu uliyetangulia,

Amani iwe juu yako huko uliko. Nakuandikia nikiwa barazani petu, hapa Timbwani, pale ulipokuwa ukikaa baada ya alasiri, miguu umeinyoosha, mikono bado inanuka kamba za feri.

Unakikumbuka kile kitabu? Mwalimu wangu Mwairishi alinipa alipokuwa akifunga masanduku arudi kwao, miezi michache kabla ya Uhuru. Nilikufungulia penye picha ya mzee mwenye upara, uso umeungua jua kama wa baharia, amejifunika ngozi ya simba. Ulimi wake umetobolewa, na pale imetoka minyororo myembamba ya dhahabu na kaharabu, imeshikana na masikio ya umati ulio nyuma yake. Nikakusomea kwamba huyo ni Ogmios, mungu wa ufasaha wa Wakelti wa kale. Wagiriki ufasaha wao walimpa mungu kijana, mwepesi wa miguu. Wakelti wakampa mzee, kwa kuwa maneno huiva na umri. Na kule kwao mwalimu yuko Ogma, ambaye watu wa kale walisema ndiye aliyebuni herufi zao za kuchanja kwenye mawe.

"Astaghfirullahi," ukasema. "Mungu gani huyu, ana upara kama wangu?"

Mama akadakia toka jikoni: "Mwenzio angalau ana dhahabu!"

Lakini kitabu hukukirudisha. Ulikisogeza karibu na macho. "Hebu tazama, mwanangu. Minyororo imelegea. Huyu mzee havuti mtu. Wanamfuata wenyewe."

Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi, nisilione hilo.

Wewe ndiye uliyewasomea talakini wafu wa mtaa wetu. Kaburi likishafukiwa ulikaa upande wa kichwa, ukamkumbusha maiti majibu atakayowapa malaika, kwa sauti ya chini, kama unayemwelekeza mgeni njia. Na kabla jeneza halijatoka nyumbani, ulipita kwa wanawake kuuliza jina la mama wa marehemu, maana maiti huitwa kwa mamake. Hukusahau hata siku moja.

"Siku yangu usimwachie mtu," uliniambia. "Na jina ukilikosa, sema mwana wa Hawa."

"Naam, Baba."

Siku hiyo ilifika, wiki chache kabla ya bendera mpya kupanda. Sikupita kwa wanawake. Msiba ulikuwa wetu, nyumba yetu, niulize nini? Nilipokaa kichwani pako ndipo nilipotambua kwamba mamako mimi nilimjua kwa Nana tu. Alikufa nikiwa mdogo, na mtoto hakutamka jina la mkubwa wake. Hawa hakunijia. Ulimi ukaenda kwenye jina uliloliita wewe kila asubuhi ukitaka chai. Nikasema: Ewe Bakari, mwana wa Mwanasiti. Nikakufanya mtoto wa mkeo. Sauti yangu ilikuwa ndogo, hakuna aliyeinua kichwa. Nikaendelea mpaka mwisho.

Baada ya hitima nilimuuliza Shangazi, "Nana akiitwa nani?"

"Mwanakombo. Kwani kule kaburini ulimwitaje babako?"

"Nilimwita sawa," nikasema.

Tangu hapo nakisikia kile kikohozi chako kidogo, cha kabla ya kusema. Nakisikia mlangoni, mchana, watu wakipita na vikapu vyao kwenda kivukoni. Nangoja neno. Neno haliji. Huwaza kwamba malaika walikuja, wakakuita kwa jina lako, na wewe ukasita, kwa kuwa mwanao alikwishakuambia u mtu mwingine.

Juzi Mama alikuwa akimimina chai. "Nimemwota babako," akasema, anacheka. "Kasimama pale mlangoni, aniita mama. Nikamwambia, we mzee, akili zimekuruka?"

Nilikitua kikombe changu. Nikamweleza yote, na uongo niliompa Shangazi pia. Akaifunika birika, akafuta meza iliyokuwa safi.

"Basi nenda," akasema. "Kamrudishe kwa mamake."

Kwa hiyo kesho, baada ya alasiri, nitakuja. Nitakaa upande wa kichwa, kama ulivyonifunza, nikuite Bakari, mwana wa Mwanakombo. Sijui kama maneno yaliyochelewa hufika. Sauti yangu haijaiva kama yako. Lakini ukiisikia, Baba, ifuate. Sitavuta.

Mwanao,
uliyemwachia maneno yako