Goti la Ezell

Jumanne, 16 Mei

Chicago. Kutwa nzima tunapima vijana warefu kama ng'ombe wa mnadani. Kimo, kilo, urefu wa mikono. Wanavua viatu, wanasimama ukutani, sisi maskauti, wasaka vipaji wa klabu za mpira wa kikapu, tunaandika. Tisa leo. Wanane nitakuwa nimewasahau kufikia Ijumaa.

Wa tisa ni Ezell Whitcomb wa Muncie, miaka ishirini. Futi saba kasoro nusu inchi. Na mikono hiyo! Anadaka pasi mbovu kama anayeokota yai. Ila akiruka, anatua kwa mguu wa kulia tu. Kila mara. Wenzangu hawakuona. Mimi nimeona — nilitua hivyo misimu miwili, kisha goti likanistaafisha.

Jumatano, 17 Mei

Nilimkuta Ezell nyuma ya ukumbi, peke yake, anamenya ndizi. Nikapandisha suruali, nikamwonyesha kovu langu. Nikamwambia hapa hakuna skauti, kuna warefu wawili tu.

Akacheka. "Mzee, wewe unataka kunikaanga."

Halafu akasema. Gegedu la goti la kushoto limelika. Madaktari wa hapa wamemkanda-kanda, wakampitisha. Anayejua ni Daktari Loomis wa kwao, na bibi yake aliyemlea. Basi. Hata wakala wake hajui.

"Usimwambie mtu, Anko Vern."

Nikasema limezikwa. Nikampa mkono.

Ijumaa, 2 Juni

Bosi wangu Gorman kapiga simu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Miaka mitatu nimemletea miti tu, anasema, mirefu na haizai. "Nipe kitu ambacho klabu nyingine hazina, Vern."

Nikampa. Mistari minne.

Nimejiambia ndiyo kazi yenyewe, nalipwa kwa macho yangu. Lakini goti lile sikuliona. Niliambiwa. Tofauti naijua vizuri sana.

Jumamosi, 10 Juni

Limevuja! Mitandao yote — goti la Whitcomb, goti la Whitcomb. Watabiri wa uteuzi, siku klabu zinapochagua vijana kwa zamu, walimweka wa kumi na nne. Leo hayumo hata kwenye thelathini.

Gorman anasema alimtajia rafiki mmoja tu, katika kupiga soga. Na kijana akishuka mpaka zamu yetu ya kuchagua, ubaya uko wapi?

Nikasema asante. Asante! Ya nini?

Jumapili, 18 Juni

Siku ya akina baba. Ezell kanipigia. Ana hakika aliyemuuza ni Daktari Loomis. Bibi yake, Bi Odessa, kaenda kumfokea mzee wa watu mbele ya wagonjwa wake — daktari aliyempokea Ezell siku anazaliwa.

"Wewe tu ndiye uliyetunza neno, Anko." Anataka nije kwao usiku wa uteuzi, nikae na familia.

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza nilete soda gani.

Alhamisi, 22 Juni

Nimo chooni kwa Bi Odessa. Nimefunga kwa komeo.

Sebule imejaa watu kama thelathini. Kambare wa kukaanga, makaroni ya jibini, keki yenye mpira wa sukari juu yake. Bi Odessa kamwondoa mpwa wake kwenye kochi ili mimi nikae karibu na Ezell. "Huyu ndiye mtu," akawaambia wote. "Kinywa chake kina mlango."

Raundi ya kwanza imepita. Majina thelathini. Kila jina Ezell alipiga makofi. Kufikia la ishirini mjomba mmoja alishusha sauti ya runinga, hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Ndipo kengele ikalia. Daktari Loomis — mzee mwembamba, kavaa tai, kashika bakuli la saladi ya viazi kwa mikono miwili. Bi Odessa alisimama katikati ya mlango.

"Rudi na bakuli lako, Loomis."

"Odessa, nakuapia kwa kaburi la Ruth —"

"Usimtaje mkeo hapa. Angekuonea aibu."

Ezell aliangalia sakafu. Na mimi — kambare alikuwa mdomoni. Niliendelea kutafuna. Nilitafuna mpaka mlango ukafungwa! Kisha nikameza, Bi Odessa akaniongezea kipande kingine.

Sasa raundi ya pili. Ujumbe wa Gorman umeingia: *Zamu yetu ni ya 41. Kijana wako bado yupo. Goti litafika misimu mitatu? Ndiyo au hapana.*

Sijui. Wallahi sijui! Nikisema ndiyo na likavunjika, nimemmaliza kwa huruma. Nikisema hapana, nimemmaliza mara ya pili.

Dirisha hili dogo linatazama barabarani. Daktari hajaondoka. Yumo ndani ya gari lake, taa ya ndani inawaka, bakuli liko mapajani. Picha zote za goti lile alizipiga yeye. Dakika moja naye ingetosha. Ila hatamjibu mtu asiyemjua. Itabidi nimwambie mimi ni nani, na nimejuaje. Na mlango wa kutokea ni mmoja, unapitia sebuleni.

Nasikia wamesoma la thelathini na nane.

Bi Odessa anagonga. Anauliza kama nipo salama, wanashikana mikono waombe, Ezell kakataa waanze bila mimi —