Majina Ndani ya Mchemraba

Kigali, Machi 1994

Baba,

Leo nimeingia ndani ya kazi yako. Usinikasirikie kabla sijamaliza.

Ile michemraba mitatu ya chuma uliyoisimamisha kona juu ya kona pale kwenye mzunguko wa barabara bado ipo, na watu bado wanainua shingo wakingoja ianguke. Haijaanguka. Mji ndio uliobadilika. Tangu tukuzike, kila chama kina bendera yake na vijana wake, redio inawataja watu kwa majina, na jirani akinisalimia najiuliza anataka kujua nini.

Gaspard, mkono wako wa kulia, amehama. Kilimani kwao walichoma nyumba za ndugu zake. Sasa anaishi Kinyinya na kitambulisho cha kununua, kinachosema ni wa kabila lingine na wa kilima kingine. Huko hakuna anayemjua.

Lakini wewe na desturi yako. Kabla bamba la mwisho halijafungwa, kila fundi aliingia ndani na kuchomelea jina lake na kilima cha kwao. "Serikali iandike jina lake nje," ulisema, "sisi letu liko ndani." Siku ya uzinduzi, bia mkononi, ukamsimulia konseye, yule diwani wa sekta yetu, yote hayo. Nilikukanyaga mguu. Ukaendelea.

Wiki iliyopita konseye alikuja karakana.

"Iko kipaza sauti ya kuweka juu," alisema. "Toboa mulango pale chini, waya ipite. Na ile majina baba yako alituambia, nataka niione. Na kilima ya kila mutu."

Alikuwa na daftari. Ningekataa, angeleta fundi mwingine, na kilima halisi cha Gaspard kingesomwa. Nikakubali.

Asubuhi hii nimekata mlango kwa gesi, nikamwambia chuma kina moto, asubiri mbali kidogo. Nikaingia na mashine ya kusagia, jenereta ikinguruma nje. Nilianza na Gaspard. Herufi zake zilikuwa kubwa, za mtu aliyeiacha shule mapema. Nilizisaga nikilia, na vumbi la chuma likanipa kisingizio. Kisha wengine wanane. Chuma kilichosagwa hung'aa, kwa hiyo nikapaka oili chafu na masizi. Lako na langu niliyaacha, maana ukuta mtupu ungemfanya aulize zaidi.

Konseye aliingiza kichwa na tochi.

"Wengine iko wapi?"

Nikacheka, Baba. Nikamwambia baba yangu alikuwa muongo, bia ilikuwa inamzidi, kazi ya ndani tuliifanya wawili tu. Wewe uliyewahi kubomoa kazi ya siku mbili kwa ajili ya ufa ambao hakuna mtu angeuona. Nilikuita muongo mbele ya vijana wa chama aliokuja nao, wakacheka, nikacheka nao. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Akaandika jina langu, polepole. Akaandika kilima chetu, Gahanga. Kisha akauliza kwa upole kabisa kama mama bado anakaa huko.

Nikasema ndiyo. Nilisema kabla sijafikiri. Mdomo huu nimeurithi kwako.

Kesho asubuhi naenda kumchukua Mama. Njiani kuna vizuizi vitatu, na sijui nitamwambia nini akikataa kuacha mbuzi wake. Unamjua. Mashine yako ya kuchomelea nimempelekea Gaspard, na nimemwonyesha palipokuwa na kila jina, kwa kumchorea kwenye vumbi kisha kufuta kwa mguu.

Lala salama, Baba. Nakuahidi, tukivuka haya, nitaingia tena na kuyachomelea yote tisa, pamoja na vilima vyao. Nisiporudi, Gaspard atafanya hivyo, na nimemwomba ayalinde lako na langu yasifutwe.

Ila nawe niahidi kitu. Watu wa huku watakapoanza kufika huko uliko, wakikuuliza michemraba mliijenga na nani, safari hii nyamaza.

Binti yako,
Domitila