Msonyo wa Mama

Kaka yangu, shikamoo.

Sisi wazima, ila mimi kitini hakukaliki. Nashona sare za shule, lakini kila nikikanyaga cherehani nainuka tena kwenda kuchungulia chumbani kwa Mama. Paa la jikoni limezibwa. Jirani yetu, Mdomo Kasi, anakusalimu na anauliza kama umenenepa.

Unalikumbuka lile kofi alilokuzaba Mama mbele ya wageni kwa sababu ulisonya? Alisema msonyo kwa mzazi ni tusi la nguoni. Basi tangu apatwe na kiharusi, maneno yote yamemkimbia na umebaki msonyo tu. Chai ikipoa, anasonya. Nikichelewa kumgeuza, anasonya. Nilipomwambia umepandishwa cheo, alisonya kwa kirefu huku machozi yakimtoka, nikajua amefurahi. Wajukuu wanamchokoza makusudi, na atakayesonywa anaruka kama aliyepewa zawadi. Nyumba hii, kaka, siku hizi inasubiri kusonywa!

Ulisema utakuja kazi ikipungua. Sikulaumu, najua kazi za watu. Ila juzi msonyo wake ulikuwa mdogo, na jana ulikuwa kama pumzi tu. Leo nimempa chai iliyopoa kusudi, nikasimama pale namtazama mdomo. Ameinywa yote, kimya.

Njoo, kaka. Njoo umsonye wewe, labda atainuka akuzabe kofi.

Ni mimi mdogo wako, kiti kimenishinda.