Fomu Isiyo na Jina

Jumanne, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Itangazwe kwa wote kwamba leo, baada ya miaka miwili ya kuandika menyu kwenye ubao wa hoteli kila asubuhi, mwandiko wangu umesifiwa na meneja. Amesema hawezi kuuchanganya na wa mtu mwingine.

Aliusifu akiwa ameshika fomu ya yule mwanafunzi wa chuo kikuu, anayetafiti kama wafanyakazi wa hoteli za Mbarara wanaridhika na kazi. "Haina jina, kaka, ni siri kabisa," aliniapia, kisha akamwachia meneja kazi ya kukusanya fomu zetu! Amesoma miaka yote hiyo, halafu...

Na mimi mjinga nilijibu kweli. Niliandika kwamba sisi wakimbizi tunapangiwa zamu mbili mfululizo kwa sababu meneja anajua hatuna pa kushtaki.

"Deo, ssebo, hii si mwandiko yako?" aliniuliza huku akitabasamu, akiniita bwana kwa lugha yao. "Kumbe wewe iko na shida na sisi." Akaniambia nivue sare.

Jikoni mama Furaha, mpishi wetu Mkongo, alinifokea: "Si nilikwambia weka ndiyo fasi yote? Mimi niliweka ndiyo hata kwa swali la umri!"

Nimempigia yule mwanafunzi. Amenishukuru kwa mchango wangu. Mchango! Nusura niitupe simu.

Mke wangu bado sijamwambia. Anadhani nimewahi kurudi kwa sababu wageni ni wachache.

Kesho ubao ataandika mama Furaha.